Fedha za Kadi Zinapozuiliwa: Haki ya Mfanyabiashara Mdogo Iko Wapi?



Katika maswali yanayotufikia, yamo mengi yanayofanana ingawa waulizaji hawajuani. Mmoja ana nyumba ya wageni ya vyumba sita Nungwi. Mwengine anatembeza watalii kwenye mashamba ya viungo Kizimbani. Wa tatu ni mama mwenye duka la vikoi na mapambo Mji Mkongwe. Kilio chao ni kimoja: mgeni alilipa kwa kadi, akahudumiwa, akaagana nao vizuri, kisha baada ya miezi fedha zile zikakatwa kwenye akaunti ya muuzaji bila ya kuulizwa kwanza. Au fedha za msimu mzima zimezuiliwa na kampuni ya malipo, na kila akipiga simu anaambiwa asubiri uchunguzi umalizike. Nyuma ya fedha hizo ipo mishahara ya wafanyakazi, ada za skuli na kodi ya nyumba.

Wanauliza kama hii ni dhulma, na wanauliza pia kama biashara ya kadi yenyewe ni halali tangu mwanzo. Maswali haya mawili yasichanganywe. Na kabla ya kuyajibu tufuate kanuni ya wanavyuoni wetu kwamba hukumu ya jambo hutanguliwa na kulielewa jambo lenyewe, maana wengi tunaowasikia wakiilaumu benki hawajui ni benki ipi iliyochukua nini.

Fedha zinapita wapi

Mgeni anapogusisha kadi yake kwenye mashine na risiti ikatoka, muuzaji hudhani amelipwa. Bado. Alichopata ni ahadi ya kulipwa. Baina yake na mgeni wamesimama benki iliyompa mgeni kadi, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, benki ya muuzaji, na mara nyingi kampuni ya malipo iliyomkabidhi mashine au ukurasa wa kulipia mtandaoni. Kila mmoja anachukua sehemu yake ndogo katika ile kamisheni, na kila mmoja ana mkataba na jirani yake. Lakini muuzaji amesaini na mmoja tu, yule wa mwisho. Wengine hawamjui, na yeye hana pa kuwashika. Ndiyo maana ugomvi ukitokea anagombana na aliye karibu naye, ilhali madai yamepokewa na aliye mbali, yaani benki ya mgeni iliyoko Milan au Johannesburg.

Haki ya mwenye kadi kudai fedha zake zirudi, ambayo watu wa kazi hiyo huiita chajibeki, haikuanzishwa kwa ubaya. Marekani iliingiza haki ya kupinga madai ya kadi katika sheria mwaka 1974, na leo kanuni za mitandao ya kadi zinatoa haki ya namna hiyo takriban dunia nzima. Aliyelipia bidhaa isimfikie, au aliyeibiwa namba ya kadi yake, asibaki analia. Na sisi wenyewe tunanufaika nayo: aliyeagiza vipuri Dubai vikaja vyengine, au aliyelipia tiketi kwa shirika lililofunga milango, njia hii humrudishia mali yake.

Tatizo liko katika utaratibu. Mgeni anapodai, fedha hukatwa kwanza kwa muuzaji, kisha ndipo muuzaji anaambiwa alete ushahidi wake, tena kwa muda mfupi, aghlabu baina ya wiki moja na mwezi. Juu yake hutozwa ada kwa kila dai, dola 15, 20 au zaidi, na baadhi ya kampuni haziirejeshi ada hiyo hata muuzaji akishinda. Kwa aliyeuza kikoi cha dola 12, kujitetea ni ghali kuliko kushindwa.

Kuna jambo la muda ambalo watu wetu wengi hawaambiwi wanaposaini. Katika kanuni za Visa na Mastercard, madai mengi yanaweza kufunguliwa ndani ya siku 120. Tuhesabu kwa kalenda yetu. Mgeni aliyelala kwako mwanzoni mwa Januari, msimu ukiwa umechangamka, ana nafasi ya kudai mpaka mwanzoni mwa Mei. Wakati huo masika yamepiga, hoteli nyingi za mashamba zimefungwa au zina chumba kimoja chenye mtu, na fedha za Januari zimeshalipa mishahara na madeni ya samaki. Na ikiwa mgeni alilipia mapema huduma itakayokuja baadaye, siku hizo 120 huanza kuhesabiwa tangu siku ambayo huduma ilitarajiwa, hata ikawa mwaka umepita tangu alipolipa. Mwenye nyumba ya wageni anayekula amana ya Agosti mwezi wa Februari anakula fedha ambazo bado hazijatulia.

Baadhi ya madai hayo ni ya kweli: chumba kilikuwa na kunguni, boti haikuja, mgeni aliibiwa kadi. Mengine yanatokana na kutofahamu tu. Biashara imesajiliwa kwa jina la babu, ubaoni imeandikwa jina la pwani, na mgeni akifika kwao anaona kwenye taarifa ya benki jina asilolijua, anadhani ameibiwa. Na mengine ni uongo mtupu: mtu kala, kalala, kapiga picha na papasi wake, kisha anaiambia benki yake kwamba hajawahi kufika. Huyo anakula mali ya mwenziwe kwa batili, na hukumu yake haitaki fatwa ndefu. Tunawakumbusha na vijana wetu wenye kadi wanaonunua mtandaoni: kufungua dai la kwamba mzigo haukufika hali ya kuwa umeuvaa ni wizi, hata kama muuzaji yuko China na hutamuona maishani.

Kuzuiliwa kwa fedha

Chajibeki moja inauma, lakini kinachofunga biashara ni kuzuiliwa. Kampuni ya malipo inaweza kuweka akiba ya dhamana, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya kila mauzo, ikaishikilia kwa miezi 6. Inaweza pia kusimamisha malipo yote kwa mara moja ikiona mauzo yamepanda ghafla au madai yameongezeka. Biashara ya utalii ina misimu, kwa hivyo mauzo yake lazima yapande ghafla. Kinachoitwa dalili ya hatari katika ofisi iliyoko mbali ndicho hicho tunachokiita Julai.

Kwa insafu, tuwasikilize na wao. Muuzaji akifilisika au akitoweka baada ya kupokea fedha za wageni 40 ambao hawajafika, benki ya muuzaji na kampuni yake ya malipo ndizo zinazobaki kuwalipa wageni hao. Hatari hiyo si ya kubuni. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa kuja Tanzania, na waliokwishalipia safari walitaka chao dunia nzima kwa wakati mmoja. Kila kampuni ya malipo iliogopa.

Lakini hofu ya mwenye nguvu humwangukia mnyonge. Mwaka huohuo wa 2020, kampuni ya Square ya Marekani ilianza kuzuia asilimia 20 hadi 30 ya mapato ya maelfu ya wafanyabiashara wadogo, kwa miezi kadhaa. Walikuwemo mafundi na wajenzi, na wengi wao walilalamika kwamba hawakuwahi kuwa na wateja wanaodai kurudishiwa. Fedha zilizuiliwa katika wakati ambao walizihitaji kuliko wakati wowote. Tunaitaja kampuni hiyo kwa sababu habari zake zilitangazwa hadharani, na ili ijulikane kwamba jambo hili haliwapati Wazanzibari peke yao. Tofauti ni kwamba fundi wa kule ana magazeti, mbunge na mahkama karibu yake.

Na hata mahkama yenyewe si ya haraka. Wafanyabiashara wa Marekani waliwashitaki Visa na Mastercard mwaka 2005 kuhusu ada za kadi. Mapatano ya mwaka 2012 yakabatilishwa na mahkama ya rufaa mwaka 2016. Mapatano ya fidia ya takriban dola bilioni 5.5 yakakubaliwa mwaka 2019, lakini yale ya kupunguza ada zenyewe yakakataliwa na jaji mwezi wa Juni 2024. Karibu miaka 20 ya kesi, na waliokuwa wakigombana humo ni pamoja na maduka makubwa yenye mawakili wa kila aina. Mwenye gesti ya Paje ataisubiri kesi ya namna hiyo kwa fedha gani?

Kilichosaidia kidogo mahali pengine ni msimamizi wa serikali, si kesi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015 kwa ada inayokwenda benki ya mwenye kadi: asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida za benki na 0.3 kwa kadi za mkopo. Hata hapo, msimamizi wa mifumo ya malipo wa Uingereza alipochunguza, aligundua mwaka 2021 kwamba nafuu ile haikuwafikia wafanyabiashara wadogo na wa kati. Kampuni za katikati zilibaki nayo. Ikabidi atoe amri nyengine, ikiwemo ya kwamba mkataba wa kukodi mashine ya kadi usizidi miezi 18, kwa sababu watu walikuwa wamefungwa miaka na mashine wasioitaka. Sisi tunalitazama hilo tukiwa na sababu ya kujiuliza nani huku kwetu anayepima ada ya mwenye duka la Darajani.

Sharia inasemaje

Tuanze na kamisheni. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwaka 2000, ilitoa azimio namba 108 kuhusu kadi za mkopo. Ilikataza kadi yenye sharti la riba mtu akichelewa kulipa, na hilo linamhusu mwenye kadi. Ama benki kuchukua kamisheni kwa muuzaji, iliruhusu, kwa sharti kwamba muuzaji auze kwa kadi kwa bei ileile anayouza kwa fedha taslimu. Kwa hiyo kamisheni ni ujira wa huduma. Anayetozwa asilimia 3 asiite riba kwa kuwa tu imemuuma.

Lakini liangalieni vizuri lile sharti. Katika hoteli na maduka mengi ya visiwani ipo karatasi ukutani isemayo kwamba anayelipa kwa kadi ataongezwa asilimia 3, 4 au 5. Tunajua sababu yake, na faida ya muuzaji mdogo ni nyembamba. Hata hivyo, kwa azimio hilo jambo hili halikai sawa, na mikataba mingi ya kadi nayo inalizuia, kwa hivyo anayelifanya anavunja sharti alilolisaini. Mgeni akilalamika kwa benki yake kuhusu nyongeza hiyo, muuzaji anakuwa amempa silaha. Rai yetu ni kwamba gharama ya kadi iingizwe katika bei tangu mwanzo, bei iwe moja.

Kuhusu kuzuiliwa kwa fedha, tunatenganisha mambo mawili ambayo waulizaji wanayaweka pamoja. Dhamana iliyotajwa katika mkataba, kiwango chake kinajulikana na siku ya kuachiliwa inajulikana, hiyo ni sharti, na Waislamu wanafungwa na masharti yao. Aya ya mwanzo ya Surat al-Maaida inatuamrisha kutimiza mikataba, na haikuitoa mikataba isiyotupendeza. Aliyekubali asilimia 10 kwa miezi 6 hana hoja ya dhulma mwezi wa nne.

Jambo la pili ni kuzuia kusikokuwa na kiwango, sababu wala mwisho. Kifungu kisemacho kampuni inaweza kushikilia kiasi chochote, kwa muda wowote, kwa hiari yake, kina gharar iliyo wazi: mmoja katika wawili hajui anapata nini wala lini. Na muda wa dhamana ukiisha, au ikidhihiri kwamba hakuna dai lolote, kisha mwenye uwezo wa kulipa akaendelea kuchelewesha, hiyo ndiyo dhulma iliyotajwa katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu tajiri anayezungusha deni. Hapo hatuoni haya kulitumia neno hilo.

Itasemwa: lakini alisaini. Ni kweli, alisaini kurasa 30 za Kiingereza kwenye simu, hawezi kubadilisha hata herufi, na asiposaini hapati mashine. Wanavyuoni wa zama hizi wameuzungumza mkataba wa namna hii, ambao mmoja anaandika kila kitu na mwengine ni wa kukubali au kuondoka. Majmaa hiyohiyo, ilipokutana Doha mwaka 2003, iliamua kwamba mikataba ya aina hiyo inahitaji usimamizi wa dola, na kwamba masharti yake yakiwa ya kudhulumu dola inapaswa kuingilia kati. Hatusemi kila mkataba wa kadi ni batili. Tunasema mwenye kuudhibiti ana wajibu, na asiseme ni hiari ya watu.

Na katika chajibeki kuna la kutazamwa pia. Asili katika hukumu zetu ni kwamba ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Utaratibu wa kadi unapindua: anayedai hurejeshewa kwa muda, anayekana ndiye anayeleta ushahidi. Upo udhuru wake katika mauzo ya mtandaoni, ambapo mwenye kadi hakuwepo na hawezi kuthibitisha jambo ambalo halikutokea. Pale mgeni alipoweka kadi na namba yake ya siri mbele ya karani, udhuru huo ni dhaifu sana.

Wapi pa kwenda, na la kufanya kabla

Wapo wanaokuja na kesi hizi kwa Kadhi. Mahkama ya Kadhi kwetu inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na mambo ya familia. Ugomvi na kampuni ya malipo hauko kwake. Mlango ni huu: malalamiko ya maandishi kwa benki au kampuni yenyewe, ukabaki na nakala yenye tarehe, kisha yasipotatuliwa, Benki Kuu ya Tanzania, inayosimamia mifumo ya malipo kwa Sheria ya mwaka 2015 na yenye kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Mambo ya benki ni ya Muungano, kwa hiyo Mzanzibari asiambiwe kwamba hayamhusu.

Lakini Benki Kuu humkamata iliyempa leseni. Kampuni iliyoko nje, isiyosajiliwa hapa, ambayo mkataba wake unasema migogoro itaamuliwa katika mji wa mbali, nani atakufuatia? Kwa hiyo swali la leseni liulizwe kabla ya swali la asilimia. Tumeulizwa pia kuhusu kufungua akaunti ya kupokelea malipo kwa jina la jamaa aliyeko Uingereza, kwa kuwa baadhi ya kampuni kubwa hazifungulii biashara za Tanzania. Hatulishauri. Ni kutoa taarifa isiyo ya kweli katika mkataba, na kampuni ikigundua huzuia fedha zote, na safari hii itakuwa na hoja.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandikiana. Tunashangaa watu wa aya hiyo wanavyopokea fedha za wageni kwa ujumbe wa WhatsApp na neno "ok". Masharti ya kufuta buking yaandikwe kwa lugha ya mgeni na ayakubali kabla ya kulipa. Siku ya kuwasili asaini, nakala ya pasipoti ichukuliwe, na risiti ihifadhiwe angalau mwaka na nusu. Jina litakalotokea kwenye taarifa ya benki ya mgeni liwe lile analoliona ubaoni. Namba ya kadi isiombwe kwa simu wala kwa ujumbe. Malipo ya mtandaoni yapite katika njia inayomtaka mgeni athibitishe kwa namba inayotumwa na benki yake, kwani akishathibitisha hivyo, dai la kwamba kadi iliibiwa kwa kawaida huwa juu ya benki yake na si juu yako. Na mgeni mwenye malalamiko ya haki arejeshewe mapema kwa hiari. Marejesho ya hiari hayana ada ya dai.

Yamebaki maswali mawili. La kwanza: anayeona chajibeki zinakuja, inafaa atoe fedha zote kwenye akaunti ili wasikute cha kukata? Ikiwa huduma hakuitoa, lile ni deni, na kuhamisha fedha hakulifuti. Ikiwa huduma aliitoa, atumie ushahidi wake. Anayekimbia huachishwa mkataba, na jina lake likiingizwa katika orodha ya Mastercard ya wafanyabiashara walioachishwa hukaa humo miaka 5, na benki nyengine huitazama orodha hiyo kabla ya kumpa mashine.

La pili ni la zaka: fedha zilizozuiliwa zihesabiwe? Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, ikiwa kampuni inakiri kwamba ni zako, ina uwezo wa kulipa, na muda wake umefika, zihesabu pamoja na mali yako mwaka ukitimia. Ikiwa inazipinga na huna njia ya kuzipata, hulazimiki kuzitolea kabla hazijakufikia. Zikifika, utazitolea zaka ya muda uliopita. Zilizorudishwa kwa mgeni kwa haki si mali yako, na hazina zaka juu yako.

Wallaahu a'lam.